Kubadilisha magazini ya bunduki na kurudi na zote

Jioni ya siku ya shabaha, kabla chai haijaletwa, turubai hutandikwa chini na kila askari huweka mbele yake magazini, yaani visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki, alizokabidhiwa asubuhi na mtunza silaha. Aliyechukua nne anaweka nne, na kama mojawapo imebaki na risasi saba, hizo saba hutolewa na kuhesabiwa pamoja na maganda yaliyookotwa. Nimesimamia hesabu hiyo mara nyingi nikifundisha askari wa wanyamapori, na nimegundua kwamba anayekosa magazini jioni, karibu kila mara, ni yule aliyefundishwa kuibadilisha haraka bila kufundishwa aiweke wapi ile iliyotoka. Ndiyo maana katika maelezo haya nimetumia nafasi kubwa zaidi kwa magazini iliyotumika kuliko kwa ile mpya.

Bunduki ninayoichukua kuwa mfano ni ya familia ya AK, ambayo askari wengi wa Tanzania wanaiita SMG, yenye magazini ya kupinda inayobeba risasi 30 za milimita 7.62 kwa 39. Magazini yake ya chuma ikiwa tupu ina uzito wa takriban gramu 330, na ikijaa hufika gramu 800 na zaidi kidogo, tofauti ambayo mkono uliozoea huitambua hata gizani. Baadaye nitagusia pia bunduki za aina ya M16 na M4, kwa sababu zinatofautiana na SMG katika mambo ambayo humchanganya askari anayehama kutoka silaha moja kwenda nyingine. Anayeandikiwa hapa ni mtu aliyekabidhiwa silaha kihalali, anayefanya mazoezi kwenye uwanja wa shabaha chini ya msimamizi.

Kabla ya mikono kufanya chochote, mambo mawili lazima yawe yamekwisha kuwa tabia. La kwanza ni kidole cha shahada kutoka kwenye triga na kulala ubavuni mwa bunduki mara tu ulengaji unapokatika. La pili ni mtutu kubaki umeelekea kule kwenye shabaha muda wote wa kubadilisha. Hili la pili ndilo linalowashinda wengi, maana mtu anapohangaika na magazini iliyokwama huigeuza bunduki ubavu ili aitazame vizuri, na mtutu unazunguka ukiwapitia wenzake mstarini. Dawa yake ni kuinua bunduki badala ya kuigeuza: kitako kibaki begani au kibanwe kwapani, na mdomo wa kuingizia magazini uletwe karibu na usawa wa kidevu, ili macho yaone kazi ya mikono na yaone vilevile kilichoko mbele bila kuinamisha kichwa.

Magazini hubadilishwa kwa sababu moja kati ya mbili. Ama imeisha na bunduki imenyamaza, na hapo huna hiari. Ama haijaisha, lakini umepata nafasi tulivu nyuma ya kichuguu au gogo na unaona ni heri kuanza hatua inayofuata ukiwa na magazini iliyojaa. Sababu hizi mbili huzaa mabadilisho mawili tofauti, na kosa la mwanafunzi mpya ni kuyafundisha mikono yake kana kwamba ni jambo moja. Mimi ningependa askari abadilishe kwa hiari mara nyingi na kwa kulazimika mara chache, ingawa najua kwamba kishindo cha risasi huwasahaulisha watu hesabu.

Tuanze na lile la kulazimika, kwa kuwa ni rahisi kulieleza. SMG ya kawaida haina kitu cha kuishikilia bolti (kile chuma kinachoteleza ndani ya bunduki na kuingiza risasi) nyuma baada ya risasi ya mwisho, kwa hiyo haikuambii kwamba imeisha. Utaminya triga na kusikia mlio mkavu wa nyundo, basi. Baadhi ya watu huweka risasi mbili au tatu zenye moto wa kuonekana chini kabisa ya magazini, yaani zile zinazoingia kwanza wakati wa kujaza na kutoka mwisho wakati wa kufyatua, ili mstari wa moto uwape taarifa mapema. Zipo pia magazini, hasa zilizotengenezwa Yugoslavia, ambazo kisukumio chake cha ndani huizuia bolti nyuma zinapoisha. Lakini ukiichomoa magazini hiyo bolti hurudi mbele, kwa hiyo bado utalazimika kukoki.

Baada ya mlio ule mkavu, mkono wa kushoto unaachia bunduki na kwenda moja kwa moja kwenye pochi kuchukua magazini mpya. Usianze na kuitoa ya zamani, kwa sababu magazini tupu iliyomo ndani ya bunduki haikudhuru, ilhali mkono mtupu unaopapasa kiunoni unakupotezea muda. Ukishaileta mpya, sukuma kwa mbele kishikizo kilicho kati ya magazini na kikingio cha triga, ama kwa kidole gumba ama kwa mgongo wa magazini mpya yenyewe, huku ukiizungusha ile ya zamani kuelekea mbele mpaka itoke na kuanguka. Hapo ingiza mpya kwa kuanza na pua: kijino cha mbele kikamate kwanza ndani ya mdomo wa kuingizia magazini, kisha uivute nyuma na juu mpaka usikie "ta". Bila mlio huo haijakaa. Ivute chini kidogo kuhakikisha, kisha ukoki kwa kuuvuta mkono wa kukokia hadi mwisho na kuuachia uende wenyewe kwa nguvu ya springi. Anayeusindikiza kwa mkono huiacha bolti ikiwa haijajifunga, na dakika hiyohiyo utamsikia akisema, "Afande, imekataa."

Magazini iliyoanguka tupu inaweza kuachwa chini kwa muda huo, lakini isiachwe moja kwa moja. Pori si uwanja wa shabaha, na nyasi za baada ya mvua humeza chuma kana kwamba hakikuwahi kuwepo. Zaidi ya hayo, magazini ikidondokea mwamba huweza kupinda ile midomo yake miwili ya juu inayoishikilia risasi, na magazini yenye midomo iliyopinda ni mbaya kuliko iliyopotea, kwa kuwa utaendelea kuiamini.

Sasa nije kwenye badilisho la hiari, ambalo ndani yake magazini ya zamani ina risasi na kwa hiyo hairuhusiwi kugusa ardhi. Kuna njia mbili, na watu hubishana juu yake hadi usiku. Njia ya kwanza ni kuitoa ya zamani, kuihifadhi, kisha kuchukua mpya na kuiingiza. Mkono hushika kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, lakini kuna sekunde kadhaa ambazo bunduki haina magazini kabisa na unategemea ile risasi moja iliyo chemba, yaani iliyokwisha ingia nyuma ya mtutu tayari kufyatuliwa. Njia ya pili ni kuileta mpya kwanza hadi kwenye bunduki, kuzibadilishana palepale, na ndipo kuihifadhi ya zamani bunduki ikiwa imekwisha jaa. Katika michezo ya kulenga shabaha ya Marekani, hasa ule unaosimamiwa na chama cha IDPA kilichoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya bastola, njia zote mbili zina majina yake kwenye kanuni, na kwa kawaida mshindani haruhusiwi kuacha chini magazini yenye risasi.

Kwa bunduki ya SMG mimi nafundisha njia ya kwanza kabla ya ya pili, na wanafunzi wengine sijawahi kuwafikisha kwenye ya pili. Magazini za kupinda, za chuma, zenye uzito, hazikai mbili vizuri katika kiganja kimoja chenye jasho. Faida yetu ni kwamba magazini ya SMG haianguki yenyewe. Ni lazima uizungushe kwa mkono ili itoke, kwa hiyo wakati inapotoka tayari umeishika. Unachotakiwa kufanya ni kutoufungua mkono huo mpaka ufike kwenye mahali pake pa kuhifadhia. Anayetaka kujifunza njia ya pili na aishike magazini mpya kwa sehemu yake ya chini ndani ya kiganja, aisogeze ubavuni mwa ile ya zamani, azikumbatie zote mbili kwa vidole huku kidole gumba kikisukuma kishikizo, azungushe mkono ili ya zamani itoke, kisha akunje kiwiko kidogo ili pua ya mpya ielekee mdomo wa kuingizia magazini. Ikiwa mikono yako ni midogo usijilazimishe.

Kuna jambo moja katika badilisho la hiari ambalo limenipigisha magoti majanini. Kijana mmoja mwenye mikono mepesi sana alibadilisha magazini iliyobaki na risasi 18, akaihifadhi ile ya zamani vizuri kabisa kama alivyoelekezwa, halafu akakoki. Mikono yake ilikuwa imezoea kwamba baada ya "ta" huja kukoki. Lakini chemba ilikuwa tayari na risasi, kwa hiyo risasi hiyo nzima iliruka pembeni na kutumbukia kwenye nyasi, naye akaendelea kupiga shabaha bila kujua. Jioni hesabu ilipungua risasi moja. Tuliitafuta kwa mikono, bega kwa bega, kikosi kizima, mpaka jua lilipozama, na ilipatikana asubuhi ya pili karibu na kigingi cha bendera.

Tangu hapo nimeongeza hatua moja ambayo bunduki yenyewe inaisaidia. Kabla ya kuigusa magazini katika badilisho la hiari, pandisha juu mkono wa usalama. Kwenye SMG mkono huo ukiwa juu huziba njia ya mkono wa kukokia, kwa hiyo magazini utaibadilisha bila shida yoyote, lakini kukoki hadi mwisho hutaweza hata mikono ikisahau. Ukihisi unazuiliwa, ndipo akili inakumbuka kwamba chemba ina risasi. Kanuni ninayowapa ni fupi: triga ikilia kavu, koki, isipolia, usikoki.

Tukiingia kwenye bunduki za M16 na M4, mambo matatu hugeuka. Magazini huingia wima, moja kwa moja, bila kuzungushwa, na huhakikiwa kwa kuisukuma juu kisha kuivuta chini. Kitufe cha kuiachia kiko upande wa kulia, ambapo kidole cha shahada cha mkono wa kulia hukifikia bila kuachia bunduki, na mara nyingi kikibonyezwa magazini huanguka kwa uzito wake yenyewe. Hivyo katika badilisho la hiari mkono wa kushoto lazima uwe umekwisha fika chini yake kabla kitufe hakijabonyezwa. La tatu, risasi ya mwisho ikitoka bolti hubaki nyuma, na baada ya kuingiza magazini mpya huachiwa kwa kubonyeza kipande kilicho ubavu wa kushoto. Aliyezoea bunduki hizi akirudi kwenye SMG husubiri bolti ibaki nyuma, nayo haibaki. Ongeza hili: magazini ya M16 iliyojazwa risasi zote 30 huwa ngumu kukaa bolti ikiwa mbele, ndiyo maana watumiaji wengi hujaza 28.

Swali la kuihifadhi wapi ndilo linaloamua kila kitu kilichotangulia. Katika pochi za kiunoni au kifuani, magazini zilizojaa huwekwa midomo chini na kitako juu, jambo linalozuia vumbi na mvua kuingia, na linaloufanya mkono ukamate kitako na kuichomoa ikiwa tayari kuelekea bunduki, kidole cha shahada kikilala mbele yake kama kinachoonyesha njia. Upande ambao ncha za risasi zinaelekea uwe uleule kwa magazini zote. Anza kutumia zile zilizo mbali zaidi kuelekea nyuma ukiwa umetulia, na uziache zilizo mbele kabisa kwa ajili ya dharura, kwa sababu hizo ndizo mkono unazifikia hata ukiwa umelala kifudifudi. Wengi hufanya kinyume chake.

Magazini tupu haina haki ya kurudi kwenye pochi ya zilizojaa. Iende kwenye mfuko mpana wa kitambaa uliofungwa kwenye mkanda nyuma ya nyonga ya kushoto, wenye mdomo mkubwa ambao mkono unauona bila macho, na ambao unaweza kufungwa kwa kamba unapokimbia. Usipokuwa na mfuko huo, tumia mfuko wa paja wa suruali au ingiza ndani ya shati lililochomekewa, ingawa chuma cha moto tumboni si kitu cha kufurahia. Ikiwa huna budi kuirudisha kwenye pochi, irudishe ikiwa imegeuzwa kinyume cha zilizojaa, yaani midomo ikitazama juu, ili vidole vikigusa uwazi wa midomo badala ya kitako bapa vijue papo hapo kwamba hii haifai. Ile iliyobaki na risasi nusu naiweka kwenye pochi ya mwisho nyuma na kuiacha peke yake. Haichanganywi na tupu, kwa kuwa ina kazi bado, wala na zilizojaa, kwa kuwa itakudanganya.

Jambo hili la kuogopa kupoteza magazini si geni. Uingereza ilipoanza kutumia bunduki ya Lee-Metford mwaka 1888, magazini yake ya risasi nane iliweza kutolewa, lakini iliunganishwa na bunduki kwa kiungo kidogo cha mnyororo ili askari asiitupe. Baadaye, katika bunduki za Lee-Enfield ambazo askari wa King's African Rifles walizibeba katika eneo hili lote, magazini ya risasi kumi ilibaki mahali pake na kujazwa kutoka juu kwa vibanio vya risasi tano tano. Babu zetu walikuwa na shida nyingine nyingi, lakini ya kuhesabu magazini kwenye turubai hawakuwa nayo.

Ukipata utulivu wa kutosha, wakati mwenzako anaangalia mbele, kusanya risasi kutoka magazini za nusu na ujaze moja kamili. Bunduki yako ibaki na magazini yake muda wote huo. Ili kujua kama magazini imejaa, bonyeza risasi ya juu kwa kidole gumba: iliyojaa hutikisika kwa shida, iliyopungua huzama.

Kurudi kambini kuna mpangilio ambao haukubali kugeuzwa. Elekeza mtutu kwenye sanduku la mchanga, toa magazini kwanza, ndipo ushushe mkono wa usalama na kukoki hadi mwisho ili risasi ya chemba itoke. Ishike bolti nyuma, tazama ndani ya chemba na uiguse kwa kidole, ndipo uachie na kuminya triga mtutu ukiwa bado mchangani. Anayekoki kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha huondoa magazini akiamini kwamba bunduki ni tupu. Milio mingi ya bahati mbaya mlangoni mwa ghala la silaha huanzia hapo.

Magazini zilizofika salama zifunguliwe kitako, zifutwe ndani kwa kitambaa kikavu na zirudishwe bila mafuta, maana mafuta hukusanya vumbi na kulifanya tope. Shikilia springi kwa kidole gumba unapotelezesha kitako, la sivyo itakurukia usoni. Iliyopindika midomo isinyooshwe kwa koleo.

Mazoezi ya kila siku hayahitaji risasi hata moja. Ondoa risasi zote chumbani, mwenzako akukague chemba, tandika blanketi chini, piga goti moja na ubadilishe magazini kwa dakika kumi, polepole mpaka mkono wa kushoto uache kutafuta pochi na uanze kuijua. Siku ya tatu fumba macho. Siku ya tano fanya ukiwa umelala chali, ukiwa umelala kifudifudi, na ukiwa umevaa koti la mvua linaloziba pochi, kwa sababu hapo ndipo utagundua kwamba mfuko wako wa magazini tupu umefungwa mahali pabaya. Kwa mazoezi haya nawapa zile zenye midomo iliyopindika, baada ya mtunza silaha kuzifuta katika daftari kwa namba zake na kuzipaka rangi nyekundu pande zote mbili, ili magazini nyekundu isionekane kamwe kwenye doria na isiyo nyekundu isionekane kwenye blanketi.